Fundi Masikio na Kipande cha Boksi

"Nikibonyeza hapa," alisema Mama Waya, kidole kikiwa juu ya kitufe, "hakuna kurudi nyuma. Sikutishi. Nakuambia leo ili kesho usije ukasema hukuambiwa."

Fundi Masikio alimgusa mkono, polepole, kama mtu anavyomzuia mpishi anayetaka kutia chumvi mara ya pili. Mama Waya alielewa. Alikirudisha kidole chake, akaegemea kiti, akamtazama.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema Fundi Masikio.

"Miaka mitatu sasa unasema nikupe."

Hilo lilikuwa kweli, wala hakulibishia. Kwa miaka mitatu, kila asubuhi alipoiwasha ile kompyuta, kabla haijamaliza kukohoa na kunguruma, kijidirisha cha buluu kilitokea katikati ya kioo: mfumo huu umepitwa na wakati, uboreshe. Chini yake vitufe viwili. Kimoja kilisema Boresha sasa, kingine kilisema Nikumbushe baadaye. Fundi Masikio alikuwa amekibonyeza hicho cha pili mara nyingi hata mkono ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mtu anayefukuza nzi. Haikumjia akilini kwamba hapo pia alikuwa anaamua.

Mama Waya ndiye aliyezunguka kutengeneza kompyuta za zahanati zote za upande ule. Jina alibandikwa na wagonjwa kwa sababu ya mkoba wake, ambao ukifunguliwa tu nyaya zinamwagika mpaka sakafuni. Alikuwa mtu wa kusema kweli hata pale ambapo uongo mdogo ungemsaidia mtu kulala. Leo alikuja na mkoba, na barua kutoka kwa Mratibu, mkubwa wao wa mjini.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Kuanzia Jumatatu ijayo, wagonjwa wangeandikishwa kwa mtandao mpya peke yake, na mtandao huo haufunguki kwenye mfumo wa zamani. Tena, vile vifaa vipya vya watoto, vya msaada, vilivyokuwa vimekaa kabatini wiki ya tatu, programu ya kuvirekebisha nayo ilitaka mfumo mpya. Chumba kisichoboreshwa kingehesabiwa kuwa hakifanyi kazi.

"Na programu yangu ya zamani?" aliuliza Fundi Masikio.

"Itakufa."

"Huwezi kuiweka upya juu ya huo mfumo mpya?"

"Nimejaribu kwenye mashine nyingine. Haikubali. Inataka namba ya siri kutoka kwa walioitengeneza, na wao wamefunga kiwanda. Nilipiga simu yao. Siku hizi inapokelewa na mtu anayeuza matairi."

"Basi leteni kompyuta ya pili. Hii ikae hivihivi na uzee wake."

"Uliomba?"

"Mara mbili. Nilijibiwa kwamba ombi limepokelewa."

Mama Waya alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyewahi kujibiwa vivyo hivyo. "Hata ukinunua yako mwenyewe haikusaidii. Mtandao unaitambua mashine iliyoandikishwa, na iliyoandikishwa ni hii. Na kile kisanduku chako, kompyuta za siku hizi hazina hata tundu la kukichomekea."

Kisanduku kilikuwa mezani, cha kijivu, kikubwa kama mche wa sabuni, na nyaya mbili nyembamba zikitoka kwa mbele. Humo ndimo mlimokuwa na kazi yote ya Fundi Masikio. Watu hudhani kifaa cha kusikia ni kama miwani, unavaa tu na dunia inarudi. Sivyo. Kila sikio limeharibika kwa namna yake. Moja limepoteza sauti nene, jingine limepoteza nyembamba, na kifaa kisichorekebishwa kulingana na sikio husika ni kelele tupu. Kwa hiyo alikichomeka kifaa cha mgonjwa kwenye waya, kisanduku kikakiunganisha na kompyuta, na ile programu ya zamani ikamimina namba ndani yake, moja baada ya moja. Masikio nayo hayatulii. Kila mwaka yanashuka ngazi, na kila mwaka mgonjwa anarudi namba zipandishwe.

Watu sitini na wawili walikuwa wamevaa vifaa vya aina hiyo ya zamani. Mfumo ukibadilishwa, kila mmoja angebaki na namba alizokuwa nazo siku hiyo. Masikio yangeendelea kushuka, kifaa kingesimama palepale.

Alimpigia Mratibu.

"Sisi hatukulazimishi," alisema Mratibu kwa sauti ya upole sana. "Wewe ndiye mtaalamu. Uamuzi ni wako."

"Na nikiamua kubaki na mfumo huu?"

"Basi chumba kitafungwa."

"Sasa hapo ninaamua nini, mkubwa?"

"Ndiyo maana tumekuachia wewe," alisema Mratibu, na Fundi Masikio alikaa na simu sikioni hata baada ya mwenzake kukata, akitafuta maana iliyokuwa imejificha humo ndani. Hakuiona.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya zahanati, ukishapita mahali pa kuchoma sindano. Kuta alikuwa amezifunika kwa mikono yake, sponji za magodoro makuukuu chini na trei za mayai juu, ili makelele ya nje yasiingie. Wageni walidhani ni banda la kuku. Ndani mlikuwa na meza, viti viwili vinavyotazamana, mashine ndogo ya kupimia usikivu, kompyuta, na kipande cha boksi.

Kipande hicho kilikatwa kutoka kwenye boksi la sabuni, ukubwa wa daftari, kona zake zimelainika kwa kushikwa. Kila mgonjwa alipomaliza kurekebishiwa, Fundi Masikio alikiinua mbele ya mdomo wake na kutaja maneno, mgonjwa ayarudie. Sita. Shati. Kisu. Fisi. Aliyachagua kwa sababu yana sauti nyembamba, zile zinazoondoka mwanzo bila kuaga. Boksi lilikuwa la kuzuia ujanja. Mtu asiyesikia hujifunza kusoma midomo bila mwenyewe kujua, naye atakuapia kwamba anasikia kumbe anatazama. "Macho ni shahidi wa uongo," aliwaambia wagonjwa, nao walicheka, kisha boksi likipanda vicheko vilikwisha.

Mgonjwa mmoja tu hakuwa akiinuliwa boksi, naye alikuwa mama yake.

Mama alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha nyuzi, na mashine za humo ndizo zilizomla masikio. Fundi Masikio alipokuwa mdogo alipelekwa huko siku moja akakuta jambo ambalo hakulisahau. Wanawake walisimama kwenye mistari, mashine zikinguruma hata sakafu ikitetemeka, nao walikuwa wanapiga soga. Walisengenya, walitaniana, walicheka mpaka wakashika mbavu, na sauti haikusikika hata moja. Midomo tu ndiyo iliyocheza. Ngurumo hizo ndizo zilizomlipia shule, na alipomaliza akachagua kazi hii akijua vizuri ni deni gani analirudisha.

Siku ya kwanza alipomrekebishia mama yake kifaa, aliinua boksi kama kawaida. Mama alikitazama kile kipande, kisha akaangua kicheko.

"Unanificha mdomo mimi? Mdomo niliokulisha kwa kijiko?"

Aibu ilimshika, mtu mzima yeye. Alilishusha boksi na hakuliinua tena. Tangu hapo kumpima mama kulikuwa ni kukaa naye uso kwa uso, kumuuliza kama anasikia, na yeye kujibu kwamba anasikia. Mke wake, miezi michache nyuma, alimwambia, "Mama siku hizi nikimwita kutoka jikoni haitiki." Fundi Masikio alicheka. "Mama akiamua kutokusikia hasikii," alisema. "Mwite umwambie chai tayari, utaona." Mke wake naye alicheka, yakaisha.

Jumanne alianza kuwapigia simu wale sitini na wawili. Kuwapigia simu watu wasiosikia ni kazi ya aina yake. Walipokea watoto, wajukuu, majirani, na ujumbe ulifika ukiwa umevaa nguo nyingine. Wengine walikuja wakiamini wanapewa vifaa vipya. Mmoja alikuja na koti la harusi yake kwa kuwa aliambiwa kuna picha. Wote aliwaambia jambo lilelile, kwa sauti ya juu na ya polepole: hii ni mara ya mwisho, nitazipandisha namba mbele kidogo kuliko unavyohitaji leo, mwanzoni utaona makelele, vumilia, sikio litakapokuja kushuka litazikuta namba zinalisubiri. Hiyo ndiyo hila pekee aliyoipata. Haikuwa dawa, na alijua haikuwa dawa.

"Na baada ya hapo?" aliuliza mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye mvi zilizosukwa vizuri.

"Baada ya hapo sijui, Mwalimu."

"Miaka thelathini wanafunzi wamekuwa wakinijibu hivyo," alisema Mwalimu. "Sikuwahi kulipenda jibu hilo." Kisha akamshika bega, akaondoka.

Jumatano alikuja mwanamke akiwa amembeba binti yake mgongoni, mtoto mkubwa tayari, wa miaka minne, miguu inaning'inia. Huyo alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya vile vifaa vipya vya kabatini, na vile vilikuwa vya watoto tu, orodha ya watu wazima ilikuwa haijafunguliwa na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Mwanamke aliuliza kama leo wataweza. Fundi Masikio alisema bado. Wiki iliyopita pia alisema bado.

"Fundi, mimi sikusukumi," alisema mwanamke. "Ila huyu hajui jina lake. Si kwamba hawezi kulitamka. Hajui kwamba analo."

Mtoto alikuwa ameshuka, anachokoa sponji ya ukutani kwa kidole. Fundi Masikio alimtazama muda mrefu. Wale sitini na wawili walau wamewahi kusikia, alijiambia. Wana cha kukumbuka. Lakini hoja hiyo haikumpa raha yoyote, kwa sababu kila mmoja wa wale sitini na wawili alikuwa na uso na alikuwa ameketi kwenye kiti kilekile.

"Njoo Ijumaa mchana," alisema, na hapo ndipo, kama kuna mahali, alipoamua.

Alhamisi foleni ilifika mpaka kwenye chumba cha sindano. Alikuwa amekwishafanya watu arobaini na watatu, macho yanamwasha, na sauti imekauka kwa kupiga kelele za upole. Kwenye saa tisa hivi mama yake akaingia, amejitanda khanga yake ya kutokea, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa na kuweka mikono mapajani kama mtu aliyekuja kupigwa picha.

"Karibu, Mama. Lete kifaa. Leo ndiyo mwisho, kesho haitawezekana tena."

"Kwani kina nini?"

"Nataka kupandisha namba. Unasikia vizuri?"

"Si ninakujibu?"

Walikuwa wametazamana, goti kwa goti, taa ya mezani inamwangaza Fundi Masikio usoni. Mama alikuwa anamwangalia kwa makini, kama alivyomwangalia siku zote. Nje, kwenye benchi, mzee mmoja seremala alikohoa. Misumeno ilimmaliza masikio, na siku hiyo alikuwa amebadilisha magari mawili kufika hapo.

"Yule mzee ametoka mbali," alisema Mama. "Na wewe hujala tangu asubuhi, nakuona. Mimi mzima. Mpe yeye nafasi."

"Ni dakika tano tu, Mama."

"Dakika tano zangu mpe yeye. Mimi si ninalala kwako? Nikiwa na shida nitakwenda wapi?"

Na Fundi Masikio alifurahi. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote, kwamba alifurahi. Alikuwa amechoka, na mama yake alikuwa amempunguzia mgonjwa mmoja. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwita seremala.

Ijumaa asubuhi Mama Waya alifika mapema. Alinakili mafaili yote ya wagonjwa kwenye kifaa kidogo, akakiweka mezani.

"Namba zao utaziona," alisema. "Kuzisoma, kuzichapa, hata kuzibusu ukitaka. Kuzitia kwenye kifaa ndiko hutaweza."

"Nimeelewa."

"Haya, bonyeza."

"Si ubonyeze wewe?"

"Mimi ni mtu wa nyaya," alisema Mama Waya, na safari hii hakucheka. "Masikio ni yako."

Kijidirisha cha buluu kilikuwa pale, na vitufe vyake viwili. Fundi Masikio alishika kipanya, na mshale ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha pili, kwa mazoea. Ilimbidi aurudishe, kama mtu anavyomrudisha ng'ombe aliyezoea njia ya nyumbani. Akapiga moyo konde, akabonyeza.

Ilichukua saa tatu. Kioo kiliwaka na kuzima, kikawaka tena, kikaandika asilimia. Walikaa wawili hao wakitazama asilimia, kama ndugu wanaosubiri nje ya chumba cha upasuaji. Ilipokwisha, kompyuta ilikuwa kimya. Kile kikohozi chake cha asubuhi kilikuwa kimekwenda, na kwenye kioo palikuwa na picha ya mlima ambao hakuna kati yao aliyeujua.

Mchana yule mwanamke alikuja na binti yake. Programu mpya ilifunguka vizuri, wala haikutaka kisanduku. Fundi Masikio alimvika mtoto vifaa, akafanya marekebisho, akasubiri. Kisha akachukua mfuniko wa bati wa kopo la biskuti, akauangusha kwa makusudi nyuma ya mtoto.

Mtoto aligeuka.

Aligeuka mwili mzima, akautazama mfuniko ukimaliza kuzunguka sakafuni, halafu akautazama mkono wa Fundi Masikio, halafu mfuniko tena. Mama yake alikaa chini palepale alipokuwa, akalitaja jina la bintiye. Akalitaja tena. Mtoto akaja kuushika mdomo wa mama yake kwa vidole viwili, ajue kinachotoka humo ni nini. Mama Waya alisema vumbi limemwingia machoni, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyefagia chumba.

Jumamosi Fundi Masikio hakwenda kazini. Aliamka na ile furaha ya jana bado iko kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alidhani pengine hakukosea. Mama alikuwa kwenye mlango wa uani, ameketi kwenye kigoda, anashona shuka lililochanika, mgongo ukiwa upande wa nyumba. Alimmiminia chai, akatia kijiko kwenye kikombe, akamwendea.

"Shikamoo, Mama."

Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Hakujibu. Fundi Masikio alitabasamu, kutunga uzi kwa macho ya mzee si kazi ndogo, akasimama nyuma yake na kuanza kumsimulia. Alimweleza habari za mtoto wa miaka minne aliyekuwa hajui kwamba ana jina. Alimweleza alivyokuwa anachokoa ukuta, alivyovikwa vifaa, na mfuniko ulivyoanguka. "Akageuka, Mama! Yaani kageuka mzima mzima, kama mtu aliyeitwa!" Alicheka mwenyewe. Mama alivuta uzi, akaukata kwa meno, akaanza mshono mwingine.

Shuka lilikuwa linasogea polepole mapajani mwa mama yake. Fundi Masikio alikitoa kijiko kwenye kikombe, akanyoosha mkono, akakiachia.

Kilipiga saruji, kikaruka, kikapiga tena, kikavingirika mpaka chini ya ndoo. Jogoo wa jirani alishtuka. Mke wake jikoni aliuliza nini hicho.

Mama alipiga mshono mmoja, akapiga mwingine. Kisha kivuli cha mwanawe kikaangukia shuka, akageuka, uso ukamchangamka.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umeniletea chai?"

Mama alimtazama usoni, na mkono wenye sindano ukashuka taratibu.

"Umejua," alisema.

"Vaa viatu, Mama. Twende."

Walikwenda kwa miguu, yeye akiwa nusu hatua mbele, kisha akakumbuka, akarudi kuwa sambamba naye. Korido ya zahanati ilikuwa tupu. Alimketisha kwenye kiti, akaiwasha taa, akakichukua kipande cha boksi, akakiinua mbele ya mdomo wake kwa mara ya kwanza tangu alipochekwa.

"Sita," alisema.

Mama alilitazama boksi.

"Shati. Kisu." Alipandisha sauti. "Mama. Mama yangu."

Mama alikuwa amekaa wima na mikono mapajani, anasubiri kwa heshima, kama mtu aliye mbele ya mlango uliofungwa asiyejua kama wenyeji wamo.

Alishusha boksi. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Mwanzo ndege waliondoka. Kisha maji ya bomba. Kisha sauti ya mkeo, ila yeye akicheka namwona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniuliza huku unanitazama," alisema Mama. "Uso wako nimeusoma tangu hujaota meno. Ningekosaje? Na kila jioni unarudi na masikio ya watu kichwani. Nikasema langu lisubiri kidogo, si niko hapahapa." Alikigusa kifaa sikioni. "Nilidhani hiyo kesho uliyoisema ni maneno ya kuniharakisha tu."

Alimpima kwa ile mashine ndogo. Mstari wa usikivu wake ulikuwa umeteremka kama ngazi za kisimani. Kifaa chake chenyewe kilikuwa kizima, namba tu ndizo zilizokuwa za mtu mwingine, za mama wa miaka miwili iliyopita. Kupandisha ngazi nane. Juzi saa tisa ilikuwa kazi ya dakika tano. Aliiwasha kompyuta, ikawaka bila kukohoa, akaitafuta programu ya zamani na kuibonyeza. Dirisha dogo, safi, lilimwambia kwa adabu kwamba programu hii haiwezi kufunguka kwenye mfumo huu. Lilikuwa na kitufe kimoja tu, cha kukubali.

Alimpigia Mama Waya. Mama Waya alisikiliza mpaka mwisho.

"Hakuna njia?" aliuliza Fundi Masikio.

"Kama ingekuwepo ningekuwa nimekwishavaa viatu," alisema Mama Waya. Kisha aliongeza, "Na orodha ya watu wazima?"

"Haijafunguliwa. Ikifunguliwa, mbele yake kuna wale sitini na mmoja."

"Mwandike wa kwanza. Nani atajua?"

"Wao watajua," alisema, akakata simu.

Alifungua nakala ya mafaili. Namba za mama yake zilikuwa pale zote, safu mbili zilizonyooka, na angeweza kuzibusu kama alivyoambiwa. Alichomoa nyaya mbili za kisanduku, akazikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Mikono ilijua kazi na kazi haikuwepo. Mganga hajigangi, husema watu, lakini yeye alikuwa na dawa mkononi siku mbili zilizopita na mgonjwa ameketi mbele yake. Hakutaka mama amwone akilia, akaokota kile kipande cha boksi akakiweka mbele ya uso, sio mdomo tu, uso mzima, mpaka kwenye nywele, na akakaa nyuma yake mabega yakimtikisika.

Sponji zilimeza sauti yake. Hata mtu anayesikia, akiwa koridoni, asingesikia kitu.

Kisha vidole vilishika ukingo wa juu wa boksi, vidole vyenye makovu ya nyuzi, vikaanza kulivuta chini polepole, paji la uso, macho, pua.

"Litoe hilo, mwanangu," alisema Mama. "Ukikaa huko nyuma unanipotea."

Aliliachia. Mama alilipokea, akaliweka mapajani mwake, akaisogeza taa ya mezani mpaka mwanga ukamwangukia mwanawe mdomoni. Halafu akainama mbele kidogo, kama walivyoinama wanawake wa kiwanda kwenye ile mistari yao, akatulia.

"Haya," alisema. "Nisimulie. Yule mtoto alifanyaje?"

Fundi Masikio alifuta uso kwa kiganja. Alianza kuongea, polepole, neno moja moja, na Mama akayatazama yakitoka.